Mgeni wa Nyarugusu naye apewe jembe

NENO LA MOROGORO
Na Rehema Mkude

Kila inapokaribia Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, au Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, vyuo vikuu huandaa makongamano na midahalo. Huzungumzwa boti zinazozama Bahari ya Mediterania, vita vya Sudan, mateso ya watu wa Gaza. Ni mambo ya kuzungumzwa, tena kwa sauti. Lakini Morogoro ina wajibu wa pekee katika mjadala huu, kwa sababu baadhi ya wanafunzi wetu wanasoma ndani ya majengo yaliyojengwa kwa ajili ya wakimbizi.

Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), pale Mazimbu, zamani ilikuwa shamba la mkonge. Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi Juni 16, 1976, vijana wengi walikimbia Afrika Kusini bila kumaliza shule. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikakipa chama chao cha ukombozi, ANC, ardhi hiyo mwaka 1977, na mwaka uliofuata shule ikaanzishwa. Ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Wahisani, wengi wakiwa wa nchi za Skandinavia, walichangia madarasa, mabweni, hospitali na karakana. Wakimbizi wakalima na kufuga, Watanzania wakafanya kazi pamoja nao. ANC ilipoondoka mwaka 1992, vyote vikabaki kwetu. Makaburi ya waliofia ugenini yako Mazimbu mpaka leo.

Hivyo ndivyo mji huu ulivyowatendea wakimbizi: uliwapa ardhi, shule na kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipofafanua Ujamaa, akitaka kila mtu ale kwa jasho lake. Nami naona methali hiyo inamfunga mwenyeji pia. Jembe ni haki ya mgeni, na mwenyeji asiyelitoa amemnyima mwenzake heshima ya kujilisha.

Wapo watakaosema kwamba Waafrika Kusini walikuwa wachache, wenye chama na wafadhili. Ni kweli. Basi tuwatazame Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walikuja kwa makumi ya maelfu, na hawakuwa na chama kinachojulikana duniani. Walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, katika mapori ya Tabora na Rukwa ya wakati huo, wakagawiwa mashamba. Baada ya miaka michache walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada, tumbaku ikiwamo. Ilipofika mwaka 2014, zaidi ya 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania.

Kilichotubadilisha kilitokea kabla ya uraia huo. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja. Miti ya Ngara na Karagwe ikaishia kwenye kuni, usalama ukaharibika. Wananchi wa Kagera na Kigoma walibeba mzigo ambao sisi wa Morogoro hatukuubeba, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Ndipo ikaja Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayomtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa na aombe kibali kabla ya kutoka.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo sasa ni mtu mzima, na inawezekana ana watoto wake mwenyewe. Hana shamba, na hawezi kwenda kutafuta kibarua mjini bila karatasi mkononi. Anakula mgawo, na mgawo hupungua kila wafadhili wanapopunguza fedha. Januari 2018 nchi yetu ilijitoa katika mpango wa Umoja wa Mataifa uliokusudia kuwasaidia wakimbizi wajitegemee, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Mataifa tajiri yana lawama yao hapo. Hata hivyo, kumnyima mtu ruhusa ya kulima hakuongezi senti hata moja kwenye bajeti. Kunamfanya aendelee kulishwa.

Sisi wa Mwembesongo, hapa mjini Morogoro, hatuko mbali na haya. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam hugawanyika hapa mjini, Msamvu, moja ikaelekea Dodoma, nyingine Iringa hadi Tunduma. Katika njia hizo hupitishwa vijana wa Ethiopia wanaokwenda kutafuta maisha Afrika Kusini, wakiwa wamefichwa kwenye malori. Juni 2012, zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa na miili yao ikakutwa wilayani Kongwa. Mjumbe wa mtaa, mwenye nyumba ya kupangisha, dereva wa lori na kijana wa bodaboda ndio wanaoweza kumwona mgeni huyu kabla ya mtu mwingine yeyote. Je, wanaijua sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu? Wanajua ni nani wa kushitakiwa na ni nani wa kulindwa?

Ndiyo maana nataka kongamano lijalo litoke ukumbini. Lifanyike hapa Mwembesongo, kwa Kiswahili tunachokisema mtaani. Wanafunzi wa sheria wa Mzumbe na wa Chuo Kikuu cha Waislamu watueleze Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa Septemba 10, 1969. Mkataba huo unasema kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na utu, na kwamba hapaswi kurudishwa kwao bila hiari yake. Wanafunzi wa kilimo wa SUA watuonyeshe jinsi mkimbizi wa Kigoma anavyoweza kulima bila kumpokonya mwanakijiji ardhi wala kumaliza msitu. Nasi tuwaeleze tunayoyaona barabarani.

Kisha washiriki watoke na azimio, walipeleke kwa wabunge wa mkoa wetu. Sheria ya mwaka 1998 irekebishwe, ili mkimbizi aliyekaa kambini miaka mitano aruhusiwe kulima, kufanya biashara na kusafiri ndani ya mkoa anaoishi, na vijiji vinavyompokea vipate fungu lao la barabara, maji na zahanati. Atakayesema haiwezekani aende Mazimbu, kisha aende Katumba. Tuliyafanya hayo tukiwa taifa maskini kuliko tulivyo leo.