Mashini ya Sahani: Tuulize Kwanza Mipira

Bandugu wa koperative za maziwa, wakati musaada unaleta mashini ya kuchemsha maziwa yenye sahani za inoksi, kila mtu anasifu chuma. Sisi maagronome tunaona swali la kwanza ni hili: mipira yake ya kuzibia itatoka wapi?

Kazi yake iko hivi. Sahani nyembamba zenye mikunjo zimepangwa kama kurasa za kitabu, zimebanwa kwa boloni kubwa. Nafasi moja inapitisha maziwa, inayofuata maji ya moto, inayofuata tena maziwa. Vinapita kwa kupishana, joto linavuka chuma, lakini vyenyewe havichanganyiki. Maziwa yanafika digri 72, yanabaki hapo sekunde 15 tu. Tena yale yanayotoka na moto yanapasha yale yanayoingia baridi, kwa hiyo mazutu inapungua sana. Sufuria haiwezi hiyo, tunakubali.

Lakini mwenye kuamua nani apite wapi njo ule mpira wa pembeni ya sahani na wa kuzunguka matundu. Kwenye matundu, kati ya mipira miwili, kuna kanafasi kanakofunguka inje. Mpira ukichoka hapo, maziwa yanadondoka chini na munayaona. Hiyo ni heri. Hatari kubwa ni sahani yenyewe kupasuka kidogo: maziwa mabichi yanaweza kuingia ndani ya yale yameiva, na hakuna mwenye ataona. Juu ya hiyo, presha ya upande wa maziwa yaliyoiva inapaswa kuzidi ile ya mabichi.

Maji yakidondoka, watu wanakimbilia kukaza boloni. Kupita kipimo cha fabriki ni kukunja sahani. Kukata kipande cha mpira wa gurudumu, ni mbaya zaidi: unene si ule, na haukutengenezwa kwa chakula.

Koperative yenye kukusanya litre 200 kwa siku, sisi tunasema ibaki na sufuria ya kuta mbili, digri 63 kwa dakika 30. Yenye kuzidi sana hapo, ikubali mashini, lakini kabla ya sahihi iandikwe: seti mbili za mipira, kipimo cha kukaza, na fundi wa kufundisha vijana wawili wa kwenu. Wafadhili wengine hawapendi maswali haya, na tunajua nao wanasoma gazeti hili. Muwaulize tu.

Seti ya pili mwiweke mahali pa giza na baridi, mbali na jenereta. Mpira unazeeka hata kama haujatumiwa.