Mlango wa Nyuma Katika Simu ya Mchuuzi

Katika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, simu ndiyo pochi. Malipo ya chisense, wale dagaa wa ziwa hili, hupita humo, na mazungumzo na wafanyabiashara wa ng'ambo ya Kongo, wasemao Kiswahili, hupita humo pia. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa ili samaki wazaane. Miezi hiyo mitatu familia nyingi hula akiba. Anayeibiwa akiba ya simuni mwezi Januari hawezi hata kutupa wavu ili afidie hasara yake.

Mwizi wa siku hizi hujificha ndani ya kisakinishi bandia: faili lidaiwalo kuleta programu uijuayo, kumbe linafungua mlango wa nyuma. Programu ya namna hiyo huitwa programu hasidi. Wanafunzi wangu, litazameni neno hilo. Hasidi ni mwenye husuda, mtu atamaniye neema yako ikuondoke. Waliolichagua hawakukosea.

Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo moja la FMWhatsApp, ambayo ni WhatsApp iliyorekebishwa na watu wasio wenyewe, lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada. Triada ilikusanya namba za utambulisho wa simu, ikazipeleka kwenye seva ya mbali, kisha ikaletewa kiungo cha kupakulia programu hasidi nyingine. Baadhi yake ziliweza kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kujua. Na kwa kuwa alikwisha kuiruhusu FMWhatsApp isome ujumbe wake mfupi, Triada nayo iliipata ruhusa ile ile.

Husemwa kwamba kosa ni la aliyesakinisha. Sikubali. Bando hugharimu fedha, ilhali faili la kurushiwa na rafiki ni la bure. Maskini hachagui hatari kwa kuipenda. Lawama yangu kubwa ni kwa fundi anayelipwa kumsakinishia mteja faili ambalo yeye mwenyewe hajui limetoka wapi. Zambia ilitunga sheria ya usalama na uhalifu wa mtandao mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatunga nyingine mpya; lakini sheria humwandama mhalifu fedha zikiwa zimekwisha kwenda.

Ningependa wilaya itenge mahali pamoja sokoni ambapo mtu ataweza kupakua programu halali bila kulipia bando. Somo la uraia nalo lifundishe kulisoma lile onyo ambalo simu hulionyesha kabla ya kupokea programu kutoka chanzo kisichojulikana. Kwa kawaida onyo hilo huja kwa Kiingereza, na mchuuzi wa Kashikishi huongea Kibemba. Mwanafunzi mmoja anaweza kulitafsiri jioni moja, likabandikwa karibu na mizani ya samaki kabla ya Desemba.