Kabla Mkataba wa Gesi Haujasainiwa

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi,

Nawaandikia kutoka Stavanger, Norwei. Mdogo wangu ameniuliza: tumeambiwa tangu Julai 2020 nchi imeingia uchumi wa kati, mbona huku kwetu hatuuoni huo ukuaji? Namjibu yeye, nanyi nyote msome.

Nianze na mji huu: uliishi kwa viwanda vya samaki wadogo wa makopo. Mwishoni mwa 1969 yakagunduliwa mafuta baharini. Mwaka 1972 Bunge la Norwei likaamua makao makuu ya shirika la taifa la mafuta, pamoja na ofisi ya serikali ya kuisimamia sekta hiyo, yakae hapa, si Oslo. Kwangu mimi uamuzi huo una uzito kuliko mapipa yote. Ofisi zilipokuja zilihitaji wahandisi, wachomeleaji, wanasheria na wahasibu. Chuo cha mkoa kikapanuka, na mwaka 2005 kikawa chuo kikuu. Kijana wa hapa anasomea uhandisi wa mafuta na jioni anakula kwa mama yake.

Kwetu gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Inasafishwa Madimba, kisha inaingia bombani hadi Dar es Salaam. Mwaka 2013 wenzetu walipoteza maisha katika vurugu za kupinga bomba hilo. Umeme wa gesi hiyo unaendesha viwanda, na pato la taifa linapanda kwa haki kabisa. Sikatai kwamba nasi tumepata kitu: kuna umeme, kuna kiwanda cha saruji. Lakini ujuzi na maamuzi vimebaki mbali, na mkoa usio na hivyo viwili hupitiwa na utajiri tu.

Korosho inaonyesha hili vizuri zaidi. Nyingi bado inapandishwa melini ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam. Ninyi mnaijua kazi ya kubangua: kukaanga, kupasua ganda bila kuvunja kiini, kupaka vidole majivu au mafuta ili utomvu usiunguze ngozi, kumenya lile ganda jembamba, kupanga madaraja. Kila hatua ni ajira ya mtu, na kila mashine inamtaka fundi. Viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970 na 1980, vingi viliishia kuwa maghala. Meli ikiondoka, takwimu za mauzo ya nje zinapanda, na kazi zote hizo zimeondoka nayo.

Sasa kuna mradi mkubwa wa kusindika gesi Lindi, na kampuni ya hapa Norwei ni mmoja wa wabia. Mazungumzo ya mkataba yamechukua miaka mingi. Nawasihi msiishie kuuliza halmashauri itapata ushuru kiasi gani. Waulizeni wabunge ofisi za mradi zitakaa wapi. Chuo cha ufundi cha VETA Mtwara kipo, cha Lindi kipo: mafundi wangapi watafundishwa humo, wataanza lini, na nani atalipia? Yaandikwe ndani ya mkataba, si kwenye hotuba.

Ndugu yenu,
Stavanger