Nivo 92 ni nusu ya safari

Anayecheza Old School RuneScape peke yake hapa Lubumbashi huwa analaumu umeme unaokatika na bei ya mega. Ni kweli, lakini kinachovunja moyo zaidi ni hesabu.

Mchezo huu wa kampuni ya Jagex ya Uingereza uliingia kwenye simu mwaka 2018. Kila ufundi, kama kuvua samaki au kukata miti, unapanda mpaka nivo 99. Nivo 99 inataka pointi 13,034,431. Nivo 92 inataka 6,517,253. Maana yake, aliyefika 92 yuko nusu tu ya njia! Ukiikodolea macho 99 kila siku, utaacha. Tena ukichagua kucheza kama Ironman, huruhusiwi kununua wala kupewa kitu na wachezaji wengine.

Basi weka lengo la jioni moja: samaki 200, kisha zima simu. Umeme ukikatika, pointi zako hazipotei, maana zinatunzwa kwenye seva. Ila betri ikikaribia kwisha usiingie vitani. Mtandao ukikatika katikati, mtu wako anaweza kufa. Saa hiyo kata miti.

Na mega za mchezo zisitoke kwenye pesa ya unga wala ya shule. Siku lengo dogo lisipokufurahisha tena, pumzika hata mwezi. Mtu wako utamkuta na nivo zake zote.