Damu Haikimbii

Katika awamu ya tatu ya Maonyesho ya Canton ya msimu wa mwisho wa mwaka, ile inayofunguliwa tarehe 31 Oktoba na kukusanya nguo, viatu na vyombo vya michezo chini ya mapaa makubwa ya Pazhou, hapa Guangzhou, nilisimama mbele ya kibanda cha binti mmoja kutoka Jinjiang, mji wa mkoa wa Fujian ambao riziki yake ni viatu, nikamwomba kwa taadhima anionyeshe jozi nyepesi ya kukimbilia, maana jina langu lilikuwa limetoka katika kura ya marathoni ya Guangzhou ya mwezi wa Disemba, na viatu nilivyokuwa navyo vilikwisha kulika visigino kama sabuni ya kufulia. Binti alisoma kitambulisho kilichoning'inia kifuani pangu, akaona neno Kenya, akacheka kwa furaha isiyo na hila, akanena kwa Kiingereza cha sokoni kwamba mtu wa Kenya hana haja ya viatu wala mazoezi, kwa kuwa amezaliwa akikimbia.

Kwa hilo nisingalikasirika. Mwenye kuuza lazima aseme neno la kumpendeza mnunuzi. Kilichonichoma ni sauti iliyotoka nyuma yangu, ya mwenzangu wa Kariakoo, mnunuzi wa viatu vya jumla ambaye kwa staha ya mkewe na wadai wake sitamtaja jina, aliyetikisa kichwa kama mtu aliyesikia fatwa, akasema, "Kweli kabisa, dada. Sisi kitu hiki kiko kwenye damu." Kisha akanigeukia mimi: "Mzee wangu, unajitesa bure na kuamka alfajiri. Siku ikifika, wewe kimbia tu." Mwenyewe wakati huo alikuwa amekaa juu ya boksi la sampuli, amevua viatu, anajikanda nyayo, kwa sababu alikuwa ametembea kutoka ukumbi mmoja hadi wa pili.

Dhana hii nimeisikia katika mikahawa ya Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou, nimeisikia barazani Kibokoni, nyumbani Mombasa, nimeisikia hata vinywani mwa watangazaji wetu wenyewe, ambao mkimbiaji akivunja rekodi husimulia habari za damu na mbegu na nyanda za juu, na akishindwa husema kwamba hakujiandaa. Yaani ushindi ni wa mababu, na kushindwa ni kwake peke yake. Watu huiita sifa. Mimi naiita wizi uliovishwa kanzu ya Idi. Anayemwambia mtu kwamba amezaliwa akikimbia amemnyang'anya kila alfajiri aliyoamka, kila ukucha uliong'oka, kila sahani aliyoisukuma kando, akavigawa vyote hivyo kwa mababu ambao hawakuviomba. Hapana mtu aliyewahi kusimama ufuoni Matondoni, kisiwani Lamu, akatazama jahazi likishushwa majini, akamwambia fundi kwamba mbao zile zilizaliwa zikielea.

Mtazameni marehemu Kelvin Kiptum. Alipokimbia Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, muda ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia katika marathoni rasmi kabla yake, ulimwengu ulipigwa na bumbuazi, na ulimi wa wavivu ukakimbilia damu. Walakini kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alieleza bila kuficha kwamba kijana yule hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki, na ziko wiki zilizopita 300. Nisomeeni hesabu hiyo kwa ramani ya kwetu: ni kutoka Mombasa hadi Mtito Andei, kwa miguu, kila wiki. Wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, walifariki katika ajali moja ya gari tarehe 11 Februari 2024, na mimi sioni ihsani yoyote katika kuwafukia mara ya pili kwa kusema kwamba kazi yao ilifanywa na nasaba.

Tena nawaomba wenye ilimu ya damu wanifunulie jambo moja. Mbio za New York zilianza mwaka 1970, na Mwafrika wa kwanza kuzishinda, Ibrahim Hussein wa Kenya, alizishinda mwaka 1987. Miaka hiyo kumi na saba damu ilikuwa wapi? Ilikuwa imezuiliwa forodhani ikingoja stakabadhi, kama yalivyozuiliwa makontena yangu mawili ya vigae mwaka juzi, ambayo nililipia gharama ya kukaa bandarini hata vigae vikawa ghali kuliko nyumba? Miaka miwili baada ya Hussein alikuja Juma Ikangaa wa Tanzania, akaishinda New York ya 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Huyu alikuwa ametoka Boston akiwa wa pili mwaka 1988, kwa sekunde moja tu, na wa pili tena mwaka 1989; na neno linalonasibishwa naye mpaka leo, lile ambalo wakimbiaji wa mataifa mengine hulibandika ukutani ilhali sisi tumelisahau, ni kwamba azma ya kushinda si kitu pasipo azma ya kujiandaa. Mtanzania ndiye aliyenena hivyo, na Mtanzania wa Kariakoo ananiambia nikimbie tu!

Na Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, je? Alipata shaba ya ubingwa wa dunia London mwaka 2017, akaipata dhahabu Tokyo mnamo Septemba 2025 kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, muda mdogo kuliko kufumba jicho. Miaka minane kati ya shaba na dhahabu, damu ile ile, moyo ule ule. Kama si mazoezi yaliyomsogeza kifua mbele ya Mjerumani aliyekuwa wa pili pale utepeni, basi wenye ilimu waniambie ni babu yupi aliyemsukuma mgongoni.

Najua watakalojibu, kwa maana hawana jibu jingine: watoto wetu, watasema, huenda shule kwa miguu kilomita kumi asubuhi na kumi jioni, nao hukua wakiwa wakimbiaji bila kujua. Hoja hii hunipa raha kubwa. Sijapata kumsikia mbunge, huku kwetu au ng'ambo ya mpaka, aliyeomba kura bila kuapa kwamba alikwenda shule pekupeku, mvuani, akivuka mito. Na kama kutembea kwenda shule ndiko kunakozaa wakimbiaji, basi mabunge yetu yangalikuwa kambi za mabingwa, na mheshimiwa asingalihitaji gari lenye kiyoyozi kumvusha barabara. Wengine humtaja Abebe Bikila, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, kana kwamba nyayo ndizo zilizoshinda. Hawasemi kwamba alikuwa askari wa ulinzi wa mfalme aliyefunzwa na kocha Onni Niskanen, wala kwamba miaka minne baadaye alishinda tena, Tokyo, naye amevaa viatu na soksi.

Zaidi ya hayo, mimi ni mtu wa pwani. Iten, mji wa wakimbiaji wetu wa nyanda za juu, iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Nyumba niliyozaliwa iko juu ya bahari kwa kimo cha ngazi moja, na maji ya bamvua yakijaa hata ngazi hiyo huwa haina yakini. Na kama kweli tumezaliwa tukikimbia, lugha yetu haina habari. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee; polepole ndio mwendo, wakaongeza; na yule aliyediriki kukimbia wakamwambia kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Taifa zima la watu wanaoshauriana kwa karne nyingi waketi, wanywe kahawa chungu, wangoje kusi igeuke kaskazi, leo linaambiwa kwamba lina mbio damuni!

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mfuasi wa madhehebu haya. Katika mwaka wangu wa pili nchini China niliingia nusu marathoni ya mji mmoja wa mkoa huu wa Guangdong, nikiwa nimejiandaa kwa sahani mbili za biriani na usingizi mwema. Mwanzoni nilikuwa sultani: vijana walitaka kupigwa picha nami, na mmoja alinigusa bega kama mtu anayetafuta baraka. Kilomita ya kumi na moja chafu za miguu zilikaza, nikasimama nimeshika mlingoti wa taa, na umati uliokuwa kando ya njia ukaniona, ukaanza kunipigia kelele za huruma, "Jiayou! Jiayou!", maana yake tia mafuta, nami mafuta yalikuwa yamekwisha. Bibi mmoja wa makamo, mwenye kofia pana ya jua na mikono iliyofunikwa kwa vitambaa, alinipita, akageuka, akarudi hatua tatu, akanipa nusu ya ndizi yake. Sikupata kula ndizi chungu kama ile.

Tangu siku hiyo hujiandaa. Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, nipo kando ya Mto Lulu, karibu na mnara wa kale wa Pazhou, uliokamilishwa mwaka 1600 na kuwa alama kwa manahodha wa merikebu zilizopanda kuelekea gati la Huangpu. Wenye kamusi huuita msimu huu vuli, nami niliyelelewa Mombasa nikisikia vuli hungoja mvua. Hapa mvua ni haba, majani yako palepale mitini, na joto linapungua kwa ubahili, digrii moja leo, na kesho linaidai irudishwe. Pale ndipo nilipomjua mzee mmoja wa Kikantoni, mwenye umri wa kuwa baba yangu mdogo, aliyestaafu kazi ya kiwandani. Mfukoni ana kidaftari cha shule cha miraba, na penseli iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Akimaliza kukimbia hukaa juu ya ukingo wa mto, hulamba ncha ya penseli, huandika tarakimu moja tu, kisha hukifunga. Siku moja alinionyesha: 6, 6, 8, 0, 10, 6, 0. Sifuri zimeandikwa kwa uangalifu ule ule wa kumi, mviringo kamili, kwani siku ya kupumzika nayo ameihesabu kuwa kazi. Hapana mtu aliyewahi kumwambia mzee yule kwamba ana damu ya chochote.

Wala kukimbia bila kujiandaa si mzaha. Marathoni ya kwanza ya mji huu, mwezi wa Novemba 2012, iliacha misiba miwili, ya vijana walioingia mbio fupi za siku ile ile, wala si kilomita 42 zenyewe. Anayemhimiza mwenziwe akimbie tu, na ahesabu hilo katika mizani yake. Na wale wanaodhani kwamba damu haijui ila kutangulia, na wakumbuke nusu marathoni ya Beijing ya Aprili 2024, ambapo Wakenya wawili na Muhabeshi mmoja walipunguza mwendo karibu na utepe wakampungia mkono He Jie wa China apite, na baada ya uchunguzi wote wanne wakavuliwa medali na zawadi. Mmoja wao, Willy Mnangat, aliiambia BBC kwamba walikodiwa kuongoza mwendo. Waovu au wanyonge, sina hukumu. Ila damu haipokei ujira, wala haikodiwi. Aliyekodiwa ni mfanyakazi.

Lakini sisi nasi tuna ndimi. Katika mabanda yale yale ya Pazhou husikia wenzangu wakisema kwamba Mchina amezaliwa na biashara, na mimi humtazama binti wa Jinjiang, sauti imemkauka kwa siku tatu za kutaja bei, kifundo cha mguu kimevimba juu ya kiatu anachokiuza, wali wake umepoa ndani ya kijaluba chini ya meza, nikajiuliza alizaliwa na kipi katika hivyo.

Nilimwambia bwana wa Kariakoo kwamba, maadamu yeye ana damu, anifuate kesho yake mnarani. Akaja, nami nampa haki yake, akaja kabla ya jua, amevaa jozi nyekundu aliyopewa na yule binti. Alianza kwa kishindo, mikono inakata hewa, akatuacha mimi na mzee nyuma. Akapita mti wa kwanza, akapita benchi la wavuvi, na alipofika kwenye taa ya tatu akainama, mikono magotini, akatema. Tulimkuta pale. Mzee alitazama taa, akageuka kutazama mnara tulikotoka, akalamba penseli, akafungua ukurasa mweupe wa nyuma na kuandika 0.3 kwa hati nzuri, kisha akamwonyesha.

"Ameandika nini huyu?" akauliza, akihema.

Nikamfasiria.

"Basi mwambie," akasema, akiketi chini kufungua kamba, "mwambie ni viatu. Hivi ni vya sampuli."