Dai Kinzani Likizidi Dai, Gharama za Kesi Abebe Nani?



Kati ya Njombe na Makambako mali nyingi hubadilisha mikono kwa maneno ya mdomo. Shamba la miti huuzwa likiwa bado limesimama, mbao hupakiwa kabla malipo hayajakamilika, viazi hujazwa lumbesa na bei ikakatwa kando ya barabara kuu. Lori likishaondoka, kinachobaki ni ahadi. Ahadi ikivunjika, watu hukimbilia mahakamani, nasi hatuwalaumu, kwa kuwa mahakama ni chombo halali cha kutafutia haki. Lakini liko jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamekwisha kuchelewa, nalo ni kwamba anayefungua shauri anaweza kutoka humo akiwa yeye ndiye mwenye deni.

Tuchukue mfano. Mkulima wa miti anamdai mfanyabiashara wa mbao shilingi 40,000,000. Kiasi hicho kimevuka shilingi 30,000,000, ambazo kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 ndizo kikomo cha Mahakama ya Mwanzo kwa madai yasiyohusu mali isiyohamishika. Kwa hiyo shauri linakwenda Mahakama ya Wilaya. Mfanyabiashara haishii kukana. Katika majibu yake anatoa dai kinzani la shilingi 70,000,000, akisema alitanguliza fedha kwa mizigo ambayo haikufika. Kuanzia hapo kuna mashauri mawili ndani ya jalada moja. Mkulima akitishika na kufuta shauri lake, dai kinzani halifutiki pamoja nalo. Laweza kuendelea hadi hukumu. Asipolijibu kwa wakati, anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu ushauri wa vijiweni husema kinyume, kwamba ukiona mambo magumu uondoe kesi na yote yatakwisha.

Sasa tuseme hakimu ameona kwamba mkulima alikuwa akidai kweli shilingi 40,000,000, na kwamba mfanyabiashara naye amethibitisha shilingi 60,000,000. Mahakama itaweka dai moja dhidi ya jingine, na mkulima atatakiwa kulipa tofauti ya shilingi 20,000,000. Je, gharama za kesi azilipe nani? Wapo watakaojibu upesi kwamba aliyebaki na deni ndiye aliyeshindwa, naye abebe zote. Jibu hilo ni jepesi mno, nasi hatulikubali.

Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, iliyofuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1908, inaiachia mahakama uamuzi wa nani alipe gharama na kwa kiasi gani. Desturi ni kwamba gharama humfuata aliyeshinda. Hakimu akiamua vinginevyo, sheria inamtaka aandike sababu zake. Ugumu wa mfano wetu ni kwamba washindi ni wawili. Mkulima ameshinda katika dai lake, mfanyabiashara ameshinda katika la kwake. Njia iliyo ya haki zaidi, kwa maoni yetu, ni kuyatazama madai yote mawili kila moja peke yake, kumpa kila mshindi gharama za upande alioshinda, kisha kuzilinganisha.

Uingereza suala la namna hii lilifika hadi Baraza la Malodi, katika kesi ya Medway Oil and Storage Company dhidi ya Continental Contractors, inayopatikana katika taarifa za kesi za mwaka 1929. Huko dai na dai kinzani yote yalikuwa yametupwa kwa gharama. Ikaamuliwa kwamba dai la msingi lihesabiwe kana kwamba limesimama peke yake, na dai kinzani libebeshwe zile gharama tu zilizoongezeka kwa sababu yake. Maana yake ni kwamba shahidi ambaye angeitwa kwa vyovyote vile kuthibitisha dai la kwanza asihesabiwe tena katika la pili. Hakimu wetu hafungwi kufuata kila kilichosemwa London, lakini hoja yenyewe ni ya busara: ukubwa wa tarakimu hauonyeshi ni nani aliyesababisha kazi.

Upo pia upande mwingine, nao unatusumbua zaidi. Dai kinzani hutumiwa nyakati nyingine kama rungu la kutishia. Mtu anadaiwa kihalali, naye kwa kuwa ana uwezo wa kumlipa wakili, anapandisha dai la kupinga hadi kiasi cha kutisha, akitumaini kwamba mdai atakimbia. Mwisho wa yote anathibitisha sehemu ndogo tu. Hapo haitoshi kusema kwamba naye amepata kitu, basi kila mmoja abebe gharama zake. Siku zilizopotea kujibu madai yasiyo na mguu ni fedha ya mtu, ni nauli, ni vibarua walioachwa shambani bila msimamizi. Mahakama inayo mamlaka ya kumwelekezea gharama hizo aliyezisababisha, nasi tungependa kuona mamlaka hayo yakitumiwa mara nyingi zaidi.

Hata hivyo tusimwonee huruma mkulima wetu kupita kiasi. Kama alijua kwamba amepokea fedha za mizigo ambayo hakuipeleka, akakataa kuketi na mwenzake kupiga hesabu, akaharakisha kwenda mahakamani kutaja upande mmoja tu wa daftari, basi naye amemkosea jirani. Amri ya saba humhusu mdai kama inavyomhusu mdaiwa. Na Bwana wetu anapotuasa kupatana na mshitaki wetu tungali njiani (Mt 5:25), hasemi kwamba mwenye haki aiache. Anatuonya juu ya yatakayotupata tukifika kwa hakimu hatujapatana.

Njia ya kupatana ipo hata ndani ya mahakama zenyewe, maana tangu mwaka 1994 kanuni za madai zimeweka nafasi ya usuluhishi kabla ya shauri kusikilizwa. Tunawaomba makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na halmashauri za walei wamsaidie mwenye mgogoro kuandika hesabu mbili, anachodai na anachoweza kudaiwa, kabla hajalipa ada ya kufungulia shauri. Aidha, anapozungumza na wakili, amwulize mapema gharama zitaombwaje endapo pande zote mbili zitashinda sehemu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo sababu za hakimu juu ya gharama asisomewe mteja kijuujuu, azisome mwenyewe.

Na mtu akiamriwa kulipa, asikubali kiasi chochote anachotajiwa. Kwa Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, aliyepewa gharama anatakiwa kuwasilisha ankara yake ndani ya siku 60, nayo ipitiwe kipengele kwa kipengele mbele ya pande zote mbili. Ikipunguzwa kwa zaidi ya sehemu moja ya sita, ukiondoa ada za mahakama, mwenye ankara hapati gharama za mchakato huo wa kuipitia. Ankara ya shilingi 12,000,000 iliyokatwa zaidi ya shilingi 2,000,000 imefikia hapo. Asiyeridhika na uamuzi anazo siku 21 za kulipeleka suala Mahakama Kuu, nazo huhesabiwa tangu siku ya uamuzi wenyewe, si tangu siku dalali wa mahakama alipobisha hodi.