Kamera Ilisimama Wapi?

Kadhi hapokei ushahidi kabla ya kumwuliza shahidi alisimama wapi na aliona nini. Swali hilo la haki hatuliulizi tunapotazama filamu. Twakaa gizani, twahuzunika au twahamaki, na tukitoka nje twadhani ni kisa peke yake kilichotugusa. Kumbe mahali iliposimama kamera, na upande ulikotoka mwanga, vimekwisha kutuamulia nusu ya hukumu.

Tuchukue filamu mbili za Waitalia, zote za mwaka 1966, zote zikihusu bara letu. Ya kwanza ni La battaglia di Algeri, yaani Mapigano ya Algiers, iliyoongozwa na Gillo Pontecorvo na kupigwa picha na Marcello Gatti. Kamera imo ndani ya vichochoro vya Casbah, vinavyokumbusha vya Mji Mkongwe wetu, ikienda bega kwa bega na watu. Picha ni nyeusi na nyeupe, zenye chembechembe kama za filamu za habari, hata watazamaji wengi walisadiki kuwa ni matukio yenyewe, ilhali yote yaliigizwa. Nani atawasahau wale wanne waliojificha nyuma ya ukuta? Nyuso zao tu ndizo zinazopata mwanga, na giza lililobaki linatubana pumzi pamoja nao.

Ya pili ni Africa addio, ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, nayo inatugusa sisi wenyewe. Zimo picha za kisiwa chetu za Januari 1964, siku za Mapinduzi, zilizopigwa kutoka angani. Hatusemi kwamba damu haikumwagika. Ilimwagika, na mwenye kukana anawadanganya watoto wake. Tunalolalamikia ni kimo cha kamera. Kutoka juu mtu ni doa tu: hana uso, hana jina, haijulikani anakimbia nini wala nani amemdhulumu, wala yaliyotangulia miaka mingi kabla ya siku hiyo. Juu ya madoa hayo wakaongeza rangi, muziki wa Riz Ortolani, na sauti ya msimulizi asiyejibiwa na mtu, ili tuamini kwamba Afrika iliharibika kwa kuondoka mkoloni. Aliyeua na aliyeuawa wote walinyimwa uso. Hiyo ni dhulma hata kwa wafu.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Mara ngapi tumeona, katika filamu zetu za shughuli rasmi, mgeni wa heshima amekalishwa mbele ya dirisha wakati wa adhuhuri, mwanga wote uko mgongoni kwake, na uso umegeuka kivuli? Mkulima naye huhojiwa shambani jua likiwa utosini, macho yamezama gizani, akaonekana kama mtuhumiwa. Kiongozi hupigwa picha kutoka chini, akawa mrefu kuliko mnara. Hilo, twakiri, haliwaudhi wakubwa wengi. Kisha lawama hutupiwa kijana wa kamera, ilhali waliomtuma walimnunulia mashine wala hawakumfundisha mwanga. Fedha za mafunzo hayo ni chache kuliko bei ya mashine, na mashine huchakaa.

Jambo hili halingoji. Waliokuwa watu wazima mwaka 1964 sasa wanakaribia au wamepita miaka 80, na kila mwezi twawazika. Twaziomba idara zinazohusika ziwarekodi, Unguja na Pemba, wa kila upande. Wakalishwe barazani kwao alasiri, jua likiwa limelegea, mwanga ukiwajia ubavuni. Kamera iwekwe juu ya miguu yake mitatu, sawa na macho ya mzee, na isiondolewe mpaka amalize kusema.